Achari ya Maganda ya Tufaha

Nyamvula alikwisha kata shauri: Jumamosi anarudi zake Kaloleni, mjukuu azaliwe asizaliwe. Mtu mzima hakai nyumba asimotakiwa. Na kwamba hatakiwi, hilo halikuhitaji miwani. Tangu ateremke pale Magongo na kuku wake kikapuni, aje amtunze bintiye Linda mpaka ajifungue mimba yake ya kwanza, mkwewe Jacktone hajaketi naye meza moja. Hata mara moja! Nyamvula akiingia sebuleni, yule bwana huinuka kama aliyekalia kaa la moto. Chakula kikipakuliwa, anakumbuka ana shughuli nje. Siku aliyopika wali wa nazi na samaki wa kupaka, wali unanukia mpaka kwa majirani, Jacktone alisema ameshiba. Kisha Nyamvula, dirishani, akamwona kwa macho yake mawili akimega ugali kwenye kibanda ng'ambo ya barabara.

Ee Mulungu! Mtu akikataa chakula chako si amekukataa wewe? Lakini atamwambia nani? Linda ana mimba kubwa, na mke mwenye mimba hapelekewi maneno ya mumewe.

Ndipo ikaja hiyo mashine. Asubuhi moja, Linda keshakwenda kiwandani kwake anakoshona nguo na Jacktone keshakwenda Miritini kupakia malori, Nyamvula aliikuta imefungwa kwa skrubu ukingoni mwa meza. Chuma kitupu: mkono wa kuzungushia, meno matatu, na kijisu kilichopinda. Kwenye meno tufaha limekwisha chomekwa, na kando yake beseni zima la matufaha. Akampigia Linda simu.

"Ni Jacktone, mama. Amekununulia ya kumenyea, kwa vile ufizi wako hauyawezi maganda."

"Mbona hakunipa mkononi?"

"Aa, mama, si unamjua."

"Simjui!" akasema Nyamvula, lakini Linda alikuwa ameitwa kazini, simu imekatika.

Kwa hiyo mapengo yangu anayaona, akawaza, ila mimi mwenyewe hanioni. Akaikamata ile mashine kwa hasira, akazungusha kinyume, tufaha likachomoka likabingirika mpaka chini ya kochi. Akaliokota, akalifuta kwa leso yake, akazungusha upya. Lo! Ganda likatoka jembamba, refu, halikatiki, likashuka mpaka magotini pake. Nyamvula akacheka peke yake nyumba nzima. Kumbe kitu chenyewe kitamu kuzungusha! Akamenya beseni lote, na hasira akaisahau mpaka alipomaliza.

Nyama ya tufaha akaichemsha na mdalasini, laini, wale yeye na Linda. Je, maganda? Ayatupe? Nyamvula hakuzaliwa wa kutupa kitu. Kama embe hufanywa achari, na tufaha lina kosa gani? Akayakatakata, akayaanika juani kwenye ungo. Yalipokauka akapika shira ya sukari, akatia chumvi, ndimu, pilipili ya kutosha na ile rangi nyekundu ya achari, akayagaragaza humo mpaka yakawaka. Akayajaza kopo. Atawapelekea watoto wa Kaloleni, asirudi mikono mitupu.

Ajabu, kopo likawa halijai. Analijaza leo, kesho limepungua. Akamuuliza Linda.

"Mimi? Pilipili na kiungulia hiki, mama?"

Na matufaha nayo hayakukoma. Kila jioni mengine mapya mezani, aliyeyaleta haonekani. Nyamvula akamenya, akaanika, akapika, na moyo wake ukazidi kuwa mzito, kwa sababu alikuwa ameanza kuipenda nyumba ile.

Jumamosi ikafika. Mkoba mlangoni, Linda amejifungia chumbani analia. Jacktone akaja kuaga, akasimama ukumbini, uso kaugeuzia kando, kiganja mdomoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Toa mkono, baba, nikusikie."

Akautoa. Jamani! Midomo myekundu, meno mekundu, na machozi ya pilipili yanamlengalenga.

"Umekula nini wewe?"

"Sijala kitu, mama."

Nyamvula aliangua kicheko mpaka akashika ukuta. Linda akatoka mbio, akamwona mumewe, naye akacheka huku kamasi zinamtoka. Jacktone alitamani ardhi immeze.

"Nisamehe, mama. Hiyo achari, kuiacha kumenishinda kabisa. Kwetu mwanamume hali mbele ya mama mkwe wake, wala hakai naye ovyo ovyo. Baba yangu hakuwahi kutafuna kitu mbele ya nyanya mzaa mama yangu mpaka nyanya akafa. Ndiyo heshima yenyewe."

"Heshima?" Nyamvula alikaa kitako juu ya mkoba wake. "Na mimi hapa nalowesha mto kila usiku, najua hunitaki!"

"Nisikutake?" Kwa mara ya kwanza Jacktone alimtazama usoni. "Mama, kabla hujaja, huyu alikuwa halali. Kila usiku ananiuliza, nikifa nikizaa je? Tangu uje, analala. Usiende, mama. Nakuomba."

Nyamvula aliinuka, akaenda jikoni, akabandua sufuria ya mbaazi za nazi aliyompikia Linda. Akarudi, akaitua mezani, akavuta kiti chake, akakigeuza kikaelekea ukutani, akaketi.

"Linda, mpakulie mumeo hapo mezani. Mimi nimewapa mgongo, sioni kitu."

Kisha kiti kikavutwa. Kijiko kikagonga sahani, taratibu kwanza, halafu kwa kasi ya mtu mwenye njaa ya wiki kadhaa. Nyamvula aliusikiliza ule mlo wote, machozi yakimteremka mashavuni, na aliposikia sahani inakwanguliwa, akauambia ukuta:

"Muongeze."