Kichwa au Simba

Mume wangu Marijani ni fundi seremala hapa Keko. Leo mchana nimeambiwa kapeleka msumeno na randa kwenye kamari. Nikajifunga kanga kiunoni, nikamfuata. Nikamkuta uani kwa Gaspar, jasho linamtoka, wanarusha shilingi: upande mmoja kichwa cha mfalme, upande wa pili simba.

"Ngoja kidogo tu, Mama Tunu," akaniambia. "Randa imeshakwenda, ila tangu asubuhi anakuja simba tu. Sasa lazima kije kichwa."

"Kwani shilingi inakumbuka ilivyoanguka? Ina akili kuliko wewe?"

Wanaume wakacheka. Marijani akataja kichwa, akaja simba, na msumeno nao ukaenda.

Hasira zikanipanda. Nikamwambia Gaspar nautaka msumeno, na shilingi narusha mwenyewe, maana Marijani anairusha kilegevu kama mtu mwenye homa. Nikaweka pete yangu ya fedha. Nikataja simba, nikarusha kwa mkono uliokaza, akaja simba. Msumeno ukarudi.

"Haya, twende zetu," Marijani akasema.

Twende wapi, na randa bado iko kwa Gaspar? Mie mkono ninao, wote wameuona. Nikaweka pete na msumeno, vikaenda vyote viwili. Lakini ile haihesabiki, kuna mpuuzi alikohoa nyuma yangu nikiwa narusha. Basi nikakaa chini, nikaweka cherehani, ambayo ndiyo inayotulisha, maana nawashonea mtaa mzima.

Shilingi ilisimama wima mchangani, ikaegemea upande wangu, nimeona kwa macho yangu mawili, halafu ikageuka. Ilibaki kidogo sana. Huko nako ni kushindwa?

Sasa Gaspar kanyoosha mkono, anataka ufunguo wa chumba chetu akaichukue cherehani. Marijani kachuchumaa mbele yangu, sauti imempoa kabisa.

"Inuka, mke wangu. Nakuomba, inuka."

Naogopa. Nikiinuka, cherehani imekwenda. Nikikaa, bado tunacheza, na tukiwa bado tunacheza bado ni yangu. Hivi huyu mwanamume haoni?

"Unaweka nini tena?" Gaspar anauliza.

Nakipekua chumba chetu kichwani, kona baada ya kona, kuona kilichobaki.

"Kitanda cha watoto," nasema.