Dawa ya Siku Mbaya

Saluni ilikuwa chumba cha mbele. Chumba cha nyuma ndicho alicholala mdogo wa msusi, uso ukutani, tangu ugonjwa wa sonona umwangushe. Kila alipopata mwanya kati ya mteja na mteja, msusi alikwenda kukaa ukingoni mwa kitanda kumwaga habari za mjini. Akibahatika, alijibiwa "sawa". Jioni alifungia mikasi na nyembe zake kabatini, ufunguo akauvaa shingoni. Alikuwa anaogopa sana, na hakumwambia mtu.

Daktari aliandika vidonge, kimoja kila siku. Lakini msusi, mjuaji kama wasusi wote, aliona ni kuharibu dawa bure kummezesha mtu siku ambayo ameoga na kunywa chai. Akawa anampa siku mbaya tu, kama wewe unavyomeza ya maumivu kichwa kikiuma. Mgonjwa akapata kizunguzungu, nafuu hakuna. Msusi akafunga safari kwenda kumpa daktari vidonge vyake.

"Hizi dawa zako ni chaki tupu, daktari."

"Unampaje?"

Akaeleza. Daktari akajishika kichwa.

"Dada yangu, hii si ya kutuliza maumivu. Seli za ubongo zinapelekeana habari kwa kemikali. Ikishatumwa, inarudishwa haraka ilikotoka. Dawa inaizuia isirudi upesi, ikae pale ifanye kazi. Hilo linaanza siku ile ile ya kwanza."

"Sasa mbona haponi?"

"Nafuu huja baada ya wiki kadhaa, akimeza kila siku bila kuruka. Tunadhani muda huo ubongo unajirekebisha taratibu, unajenga njia mpya. Yote hatuyajui, nisikudanganye."

Msusi alirudi nyumbani kidonge kimoja kikiwa kiganjani, akikitazama kama mtu aliyeonyeshwa muujiza. Kitu kidogo hivi, kiingie kichwani mwa mtu, kianze ujenzi ambao hata daktari haujui wote! Alipofika alisema kweli: "Nisamehe, mdogo wangu. Nilikuwa nakupa dawa siku mbaya tu."

"Sawa," mdogo mtu akaujibu ukuta.

Kuanzia hapo hakuruka siku. Wiki zikapita kavu. Siku moja alikuta kikombe cha mgonjwa kimeoshwa, na si yeye aliyekiosha. Hakuthubutu kuuliza, asije akaharibu.

Kisha mchana mmoja, kichwa cha mteja kimesukwa nusu, mdogo mtu akatokea mlangoni, nywele zimemsimama.

"Hivi wewe! Ulikuwa unanipa dawa siku mbaya tu? Ulikuwa na akili gani?"

Chanuo likamponyoka msusi.

"Mnagombana?" mteja akauliza.

"Tunagombana!" msusi akasema, machozi yanamtoka huku anacheka. "Endelea mdogo wangu, nitukane!"

"Na yule bibi harusi aliyetoroka na rola kichwani, alirudi kulipa?" mdogo mtu akauliza.

Msusi akapigwa na butwaa. Habari ile alimpa miezi mingi nyuma, akijua anaongea na ukuta. Kumbe neno lile lilimfikia, na mengine yote, yakakaa humo ndani yakisubiri njia ifunguke. Mwili ukamsisimka, akahisi amesimama mbele ya kitu kikubwa kuliko yeye.

"Ulikuwa unanisikia?"

"Yote. Nilishindwa kujibu tu. Mdomo ulikuwa mzito." Mdogo mtu akaegemea mlango, hasira imemshuka. "Hata siku uliyodhani nimelala, ukasema nikijiua hutashika tena kichwa cha mtu."

Mteja akainamisha macho.

"Nilikuwa nimeshaamua, dada. Nikasema basi, nisubiri kesho, nisikie utakuja na habari gani."