Kadi Aliyoichagua Sikio

Kaka yangu aliitwa Sikio, na hata mama yetu mzazi aliishia kumwita hivyo. Jina alilipata studio, alikochanganya nyimbo za watu kwa miaka kumi na moja. Walisema ukikohoa nje ya mlango wakati wa kurekodi, Sikio atakuambia unavuta sigara ya aina gani. Nyumbani tulimtania kwamba anasikia unga ukipungua kwenye kopo. Wala hakukataa. Redio ya sebuleni haikuwa sawa mpaka yeye aguse vitufe vyake.

Siku moja akarudi mchana na vifaa vyake ndani ya katoni, akasema amegombana na mwenye studio. "Yule hana adabu ya kazi," alisema, na sisi hatukuchimba zaidi. Akaweka meza karibu na dirisha la sebuleni, akaanza kurekodi waimbaji pale pale, kwa kompyuta tuliyokuwa tunaitumia sote wawili.

Mimi ni karani wa bohari ya vipuri. Jioni nikitoka kazini nilikuwa nacheza gemu ya vita ya mtandaoni, watu watano kwa watano, na katika timu yetu kazi yangu ilikuwa kusikiliza. Ukizijua nyayo, unajua adui anapanda ngazi ya kushoto au anajibanza mlango wa kulia, anakanyaga bati au zege, kabla hujamtia machoni. Wenzangu waliniamini kwa hilo. Kaka aliona ni upuuzi mtupu. "Mtu mzima na kazi yake," alimwambia mama, "anafukuzana na vikatuni."

Kisha sauti ya kompyuta ikaanza kukwaruza, na baada ya siku chache ikakata kabisa. Tukakubaliana tununue kadi ya sauti, nusu yangu nusu yake, na Jumamosi tukafuatana dukani.

Duka lenyewe lilikuwa kama stoo, waya zimening'inia mpaka darini. Muuzaji alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi shingoni. Alituuliza tunaitaka kadi ya kazi gani.

"Muziki," kaka akasema.

"Na gemu," nikadakia.

Mama yule akacheka. "Leo nimeletewa kesi." Akaweka kadi mbili juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa ya kupachikwa ndani ya kompyuta. Hiyo, alisema, inatia chumvi kwenye milipuko na kuizungusha sauti kichwani mpaka uiname. Ya pili ilikuwa kiboksi cha chuma cha kukaa mezani, kinachounganishwa kwa waya, chenye tundu la maiki. "Hii haipambi kitu. Kinachoingia ndicho kinachotoka, na hicho ndicho muziki unachotaka. Na wewe binti wa gemu usidanganywe na maandishi ya kwenye boksi. Kujua mtu anatokea upande gani, kulia na kushoto zikiwa safi zinakutosha."

Nikakubali kiboksi. Bahati mbaya kilikuwa kimebaki kimoja tu, kile cha kuonyeshea wateja. Muuzaji akachomeka maiki, kaka akahesabu moja mpaka kumi, kisha akavaa hedifoni ajisikilize. Alifumba macho kama mtu anayeonja asali.

"Safi," akasema. "Maji ya mtungini."

Nikavaa mimi. Sauti ya kaka ilikuwa wazi, lakini nyuma yake, juu kabisa, kulikuwa na mluzi mwembamba, kama mbu aliyefungiwa chupani.

"Kuna mluzi," nikasema.

"Mluzi gani?"

Muuzaji akachukua hedifoni, akasikiliza. "Ni kweli, upo. Hiki kimekaa mno hapa kaunta. Nipeni wiki mbili nilete kingine." Akamtazama kaka, akashusha sauti. "Kwani wewe baba huusikii?"

Uso wa kaka ulibadilika. "Mama, mimi nilikuwa nachanganya nyimbo huyu akiwa bado hajui kufunga kamba za viatu. Kama kuna mluzi, uko masikioni mwake, yamechoka na mabomu." Wateja wawili nyuma yetu wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, kwa aibu tu. Yeye ndiye mkubwa, na sikio ni lake. Tukaondoka na kiboksi kile kile.

Mteja wake wa kwanza wa maana alikuwa mshonaji wa kiwanda cha nguo, dada mwenye sauti ya kukufanya uache kijiko hewani. Mtangazaji mmoja wa redio alikuwa amemwahidi kwamba wimbo wake utachezwa kwenye kipindi cha Jumatatu mchana. Walirekodi siku tatu. Siku ya nne kaka akaniita.

"Njoo usikie kazi ya watu wazima."

Nikavaa hedifoni. Mluzi ulikuwamo, tena umenenepa, kwa sababu kaka alikuwa amezipandisha sauti nyembamba kila mahali. Kila penye "s" palichoma kama sindano. Nyuma ya vurugu hiyo yule dada alikuwa anaimba vizuri ajabu.

"Ehe?" kaka akauliza.

Nilikumbuka kicheko cha dukani. "Nzuri," nikasema.

"Nzuri tu?"

"Nzuri sana, kaka."

Ningeweza kusema nilimwonea huruma, lakini nitakuwa nadanganya mara ya pili. Nilitaka aambiwe na watu wengine.

Wakamwambia. Jumatatu ile ile, saa kumi na moja jioni, mshonaji alisimama mlangoni kwetu bado na uzi begani. Mama alimkaribisha kiti, akakataa. Alisema mtangazaji aliukata wimbo katikati, akawauliza wasikilizaji ni nani kasahau birika likipiga mluzi jikoni.

"Wenzangu walizima vyerehani wanisikilize," alisema. "Ukumbi mzima. Sasa jina langu pale ni Birika." Hakulia. Akageuka, akaenda zake.

Kaka akanigeukia. "Ni wewe! Magemu yako yameiunguza kadi!"

"Kaka, kadi ilikuwa na mluzi tangu dukani. Mimi niliusikia. Muuzaji aliusikia. Wewe ndiye hukuusikia."

Mama alikuwa ametokeza kutoka jikoni, mikono ina povu. Kaka aliketi taratibu. Akauliza kwa sauti ndogo.

"Na kwenye wimbo? Uliusikia?"

"Niliusikia."

"Ukaniambia nzuri sana."

"Ndiyo."

Mama akajifuta mikono kwenye kanga. "Mwenye studio naye alinipigia simu siku ile uliyoacha kazi," akasema. "Hamkugombana. Alisema mwanao hasikii sauti za juu, umpeleke hospitali. Nikaona nisikuvunje moyo, mwanangu. Nikasema utaniambia mwenyewe."

Kaka alimtazama yeye, kisha mimi. "Nyumba nzima mnasikia vizuri," akasema, "na hakuna hata mmoja mwenye mdomo."

Hospitali alikwenda peke yake. Mpimaji alimchorea mstari unaoteremka kama ngazi: sauti za juu zimekwenda, zimeliwa na maspika ya miaka yote ile, na hazirudi. Chini yake aliandika kwamba mgonjwa mwenyewe amelijua tatizo hilo kwa miaka miwili. Karatasi ile aliiacha juu ya meza ya chakula, tuisome.

Mshonaji alirekodi upya mahali pengine, wimbo ukatoka safi, lakini mtangazaji hakuupokea tena. Kwake ulikuwa umeshakuwa kichekesho. Kaka alipata kazi ya kusimamia mizani kwenye ghala la nafaka, akapanga chumba karibu na huko. Hakuchukua maiki wala hedifoni. Kiboksi nilikirudisha kwa yule mama wa duka, naye akanipa kipya bila maneno mengi. Aliuliza tu, "Kaka yako hajambo?" Nikasema hajambo.

Sasa kompyuta ni yangu asubuhi na jioni. Timu yetu iliingia fainali mwaka huu, na nilisikia kila unyayo. Mama alinipa hongera bila kujua nimeshinda nini.

Kaka huja Jumapili moja moja. Anakula, anacheka na mama, anamtengenezea bomba linalovuja. Nikimsemesha, hata niwe nimeketi kando yake, hata nipaze sauti mpaka majirani wasikie, hanijibu. Humgeukia mama na kumuuliza, "Huyu anasemaje?" Mama humrudia maneno yangu, moja baada ya jingine, halafu yeye humtazama machoni na kumuuliza kama kweli ndivyo nilivyosema.