Kutu ya Upanga wa Babu

Foleni ya watu walioleta panga za familia zikaguliwe na mthamini ilisogea, Fumie akasogea nayo. Alikuwa ameupakata upanga uliofungwa kitambaa, na jasho la viganja vyake lilikwisha kukilowesha, ingawa nje theluji ilikuwa ikianguka.

Asubuhi ile mama yake, bibi kizee wa miaka tisini na moja, alimshika mkono mlangoni. "Baba yangu alikwenda nao vitani. Yeye hakurudi, upanga ukarudi. Fumie, usije ukanirudia mikono mitupu."

Na mikono mitupu ndiyo iliyokuwa ikitoka chumbani mwa mthamini. Upanga uliofuliwa kwa mkono, kwa ufundi wa kale, hupewa hati ukarudi nyumbani. Uliotolewa na mashine za kiwanda enzi za vita haurudi; hukatwa vipande. Mzee aliyewatangulia alipita sasa hivi akikunjakunja kitambaa kisicho na kitu, hakumtazama mtu. Na upanga wa kina Fumie ulikaa katika ala ya kijeshi, ya kiwandani vilevile.

"Usihofu, mke wangu," alinong'ona mumewe, Katsuhiko. "Mimi nimeshautengeneza."

"Umeutengeneza nini?"

"Ule mkia unaojificha ndani ya mpini. Ulikuwa mweusi kama sufuria ya mama mkwe! Nikaupiga msasa hadi ukang'aa. Utapelekaje uchafu mbele ya wakubwa?"

Kabla Fumie hajajibu, wakaitwa.

Mthamini, Bwana Kuroiwa, aliinamia upanga kwanza, kisha akawainamia wao. Akasukuma kigingi cha mwanzi kinachoushikilia mpini, kikatoka. Akaushika mpini kwa mkono wa kushoto, akajigonga kifundo cha mkono huo kwa ngumi. Upanga ukaruka kidogo, ukachomoka. Mkia ukameremeta kama kijiko kipya.

Bwana Kuroiwa akapitisha kidole juu yake, akainua macho.

"Nani amefanya hivi?"

Katsuhiko akaacha kutabasamu. "Ni... ni mimi, bwana. Kwa heshima."

"Kutu hii ndiyo mvi za upanga. Ndiyo inayotuambia umri wake. Wewe umemnyoa mzee, halafu unaniuliza ana miaka mingapi." Akaupindua ubapa kwenye taa. "Na ubapa wenyewe umeliwa na madoa. Hapa sioni alama ya mkono wa fundi. Hapa pia sioni."

Nyuma ya meza ya mthamini palikuwa na sanduku refu la mbao, na panga zilizokataliwa zilikuwa zimelazwa humo, vichwa huku, mikia kule. Palibaki nafasi. Akaiona nafasi ile, akaona na uso wa mama yake mlangoni.

"Bwana," akasema, "mama yangu hana kaburi la baba yake. Ana huu."

Mthamini alivuta lenzi, akaliinamia tundu la kigingi kwenye mkia. Akatazama. Akaleta taa karibu. Akatazama tena, kwa muda mrefu.

"Msasa wako haukuingia humu," akamwambia Katsuhiko. "Ndani ya tundu kutu ipo. Nyeusi, nzito, ya karne na karne. Na hapa pana tundu la pili lililozibwa. Upanga huu ulivishwa mpini mwingine zamani, kabla ya vita hivyo kuzuka. Ala ni ya kiwanda. Upanga ni wa mkono wa mtu."

Fumie akakaa bila kukaribishwa.

"Na jina la fundi, bwana?"

"Lilikuwa limechongwa hapa mkiani. Naona mkwaruzo mmoja uliobaki. Jina lenyewe limekwenda na msasa, halitarudi."

Walitoka na hati na upanga. Kwenye ngazi Katsuhiko alishusha pumzi. "Si umeona? Umepona!"

"Upanga umepona," alisema Fumie, akampa aubebe. "Mama macho hayaoni tena. Kila mwaka mpya hutaka mpini uvuliwe, ili alisome jina lile kwa kidole. Mwaka mpya ni keshokutwa."

Katsuhiko akasimama kwenye theluji, upanga mikononi, miguu imegoma kwenda nyumbani.