Mbegu Moja, Yai Moja

Siku ya soko la Mweso, Mama Emérita alimpakia nguruwe wake juu ya chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma, akamfikisha kwa mchinjaji. Jike huyo alivunjika mguu walipokuwa wakikimbia vita kutoka Kirolirwe, na mguu ulikataa kupona. Léontine, daktari wa mifugo, alikuwa akiwasubiri na termosi ya maji moto ya chumvi.

"Nyama ni yako, Mama," alisema. "Mie unipatie tu mifuko ya mayai. Nitakurudishia batoto yake."

"Hata kama yeye amekufa?"

"Amekufa, ndiyo. Nguruwe yangu njo atabeba mimba."

Emérita alikubali. Ukoo wa nguruwe yule ulianzia kwa bibi yake, na hakutaka uishie kwenye sufuria.

Léontine aliyavuta mayai kwa sindano, akayalaza katika visahani vya kioo ndani ya sanduku lililopashwa joto kwa betri ya gari. Baada ya siku mbili yalikuwa yamekomaa vizuri. Akamwaga mbegu za dume kwenye kisahani cha kwanza, na hapo mambo yakaharibika kama kawaida: mbegu nyingi ziliingia yai moja kwa pamoja, na kila yai likafa.

Emérita aliinamia hadubini ya Léontine, akatazama kwa muda.

"Hii iko shamba yangu kabisa," alisema.

Wanaume watatu wenye bunduki walikuwa wameingia katika shamba lake la Kirolirwe. Mmoja alichunga ng'ombe, mmoja alipanda viazi, mmoja alikata mikaratusi achome makaa. Kila mmoja alisema ni lake.

Léontine alipomwaga mbegu kwenye kisahani cha pili, Emérita alikiinamia na kusema kwa sauti aliyozoea kufukuzia mbuzi:

"Mumoja tu! Bengine mubakie inje."

Mbegu zilisikia. Katika kila yai iliingia moja, na zilizobaki zikatulia pembeni kama watu wanaosubiri misa iishe. Léontine alisafisha kioo cha hadubini, akaangalia tena.

"Vizuri," alisema. "Kesho urudi, Mama. Iko na visahani bingine."

Léontine aliyapandikiza mayai hayo kwa nguruwe wake, naye akashika mimba. Tumbo lilipoanza kuburutika chini, Emérita alipanda pikipiki hadi Kirolirwe. Aliwakuta wale watatu wakichoma viazi, akasimama mbele yao.

"Mumoja tu," alisema. "Na ule mumoja njo mie."

Walimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Mwenye ng'ombe alimsogezea kigoda, mwenye makaa akampa kiazi.

"Kula, Mama. Viazi ya hapa iko tamu sana."

Vilikuwa vitamu kweli. Alikula viwili, akaaga. Hakuna aliyetoka shambani isipokuwa yeye.

Alipofika Mweso, Léontine alimpokea mlangoni, mikono imelowa hadi kwenye viwiko, akicheka. Watoto walikuwa wamezaliwa, wote wana doa jeusi juu ya jicho kama jike la bibi yake Emérita. Walikuwa wakisukumana kwenye chuchu, wakipiga kelele, wawili wakigombea moja. Emérita alifungua kinywa awakemee, akakifunga.

"Bache basukumane," alimwambia Léontine, akikaa chini kwenye majani. "Hawa biko nyumbani kwabo."