Haja ya Msellem

Mie sifichi. Nilipomwona kakangu Msellem anavua viatu mlangoni pangu mtaani Darsait, siku moja kabla ya kamati ya baladiya, manispaa yetu, kukaa, nilijua jiko langu limepona. Nani atavunja jiko la dadake?

Jiko lenyewe nilijijengea nyuma ya nyumba nilipofiwa na mume, ndani ya wadi, lile bonde kavu maji yanapopita mvua ikinyesha milimani. Msellem mwenyewe alinibebea matofali. Humo nachoma mikate ya ufuta, nauza, wanangu wanakula na wanasoma. Sasa kaka kaingia kwenye kamati, na kamati ina uwezo wa kuamuru jengo livunjwe. Nilikuwa silali kwa hofu.

Nikammiminia kahawa. Akaipokea finjani, akaiweka chini kwenye busati. Hakunywa.

Uso ukanikunjuka. Kwetu mgeni asipogusa kahawa ana haja nzito, na mwenyeji mwenye adabu humkubalia kabla hajaitaja. Nami haja yake niliijua: mwanawe Aws anamtaka binti yangu Atheer tangu zamani. Nikajisemea, leo posa, kesho kura. Alhamdulillahi!

"Kunywa, kaka. Haja yako umepata, wallahi."

Akanitazama kwa huruma, akainywa yote.

"Haja yangu ni jiko, Nasriya. Livunje mwenyewe."

"Ati nini?"

"Umeziba njia ya wadi. Wadi ikijaa, maji yatagonga ukuta wako, yageuke, yaingie kwa Phyllis."

Phyllis ni jirani yangu Mkenya. Anakaa na mtoto mchanga kwenye chumba cha chini, na mkate wangu ananunua kila asubuhi.

"Nimekula kiapo kuwalinda watu wa mtaa," akasema, "naye ni mtu wa mtaa. Kesho nasema livunjwe. Sitaki tingatinga la kamati likuaibishe mbele za watu."

"Mwanahizaya weye! Umenitega kwa kahawa yangu mwenyewe!"

"Nimekutega."

Hakujitetea, na hilo likanichoma zaidi. Loo, nilitaka kumpiga na dele la kahawa! Lakini nimeshaapa, na kila nikifumba macho namwona yule mtoto ndani ya maji.

Nikajimiminia finjani yangu. Nikaiweka chini, karibu na yake.

"Na mie nna haja."

Akaikodolea macho ile finjani. Alijua naweza kumtaka kura yake, naye hawezi kukataa.

"Kunywa, dada," akasema. "Umepata."

Nikanywa polepole, makusudi, ateseke kidogo.

"Nyundo ya kwanza upige weye. Matofali uliyabeba weye."

Tukatoka nyuma. Tanuri lilikuwa bado la moto. Akainua nyundo, akaishusha.

"Piga, mwanahizaya weye," nikamwambia, nami nalia.

Akapiga.