Kitambaa cha Beldina

Beldina alikuwa na ugonjwa mmoja tu: usafi. Majirani zake kwenye nyumba za wafanyakazi walimtania kwamba kuku wake angesimama kidogo tu, naye angefutwa vumbi. Kwenye kiwanda cha chai, nje kidogo ya Kericho, alikuwa kibarua wa kufagia na kupangusa. Msimamizi wao, Bethwel, alikuwa amemwahidi ajira ya kudumu kwa sharti moja. Wanunuzi walikuwa wanakuja kuonja chai, na mara iliyopita walilalamika kwamba inanuka mafuta ya mashine. Tone moja la mafuta likionekana, Beldina asahau hata hicho kibarua.

Aliitaka ile ajira mpaka ikamnyima usingizi. Binti yao Aoko alikuwa sekondari, na mshahara wa mumewe Oyoo, fundi wa mashine za kusaga majani, haukuwahi kutosha.

Asubuhi ya wageni Oyoo alikuwa ameifungua mashine moja kubadilisha bushi, pete ya chuma ambamo shafti, ule mhimili wa mashine, huzunguka. Mara nyingi alimweleza mkewe wakila: vyuma viwili vilivyosuguliwa vikawa laini kama kioo vikigusana vikavu, vinashikana visiachane. Kinachovitenganisha ni utando wa mafuta mwembamba kuliko unywele. Mafuta ya kwenye mrija huchelewa kufika, kwa hiyo mizunguko ya kwanza hutegemea yale ambayo fundi ameyapaka kwa kidole. Beldina aliitikia tu huku akisonga ugali.

Oyoo akapaka, akaenda stoo kuchukua kifuniko cha bushi. Beldina akapita, akaiona shafti imelowa, inametameta, na magari ya wageni yameshafika getini. Akaifuta shafti, akaifuta na bushi yenyewe, mpaka kitambaa kikawa hakitoki tena na kitu. Akaondoka ameridhika.

Chuma kilichofutwa sawasawa hung'aa kama kilichopakwa mafuta. Oyoo alirudi, akatupa jicho, akafunga nati. Akawasha mashine na kuweka kiganja juu ya kifuniko kupima joto, kama alivyofanya miaka yote. Shafti ililia mlio mkali, ikakwama ghafla. Mkanda unaoizungusha ukakatika, ukamnasa mkono na kuusaga kwenye chuma.

Bethwel alifika mbio. Alipoona mashine yenyewe imeungua, sauti ikawa ya hasira.

"Oyoo, mafuta ulipaka?"

Oyoo alikuwa amelala sakafuni, uso umekuwa kijivu. Alimtazama mkewe aliyepiga magoti kando yake, kisha akakitazama kitambaa ambacho Beldina alikuwa amekishika, kimelowa mafuta masafi.

"Nilisahau, bosi."

Hospitalini walimkata mkono juu ya kifundo. Kiwanda nacho kikamfuta kazi kwa uzembe. Beldina alikaa kwenye ukingo wa kitanda akiwa na aibu iliyomchoma kuliko kilio, akauliza kwa sauti ya chini, "Baba Aoko, kwa nini hukusema ni mimi?"

"Mkono umeshaenda, Mama Aoko. Na kazi imeenda na huo mkono. Ulitaka na yako iende?"

Hakumwangalia alipokuwa akisema. Tangu siku hiyo hakumwangalia tena sawasawa.

Jumatatu Beldina aliajiriwa rasmi. Bethwel alimpa aproni mpya na kitambaa kipya, akamwambia aanze na ile mashine.